Shajara ya mradi: fomu ya maswali ya kujua nani atangulie kupimwa kisukari

Wakuu, hii ni shajara ya mradi, ntakuwa naongeza kipande kila hatua ikiisha. Kazi yenyewe ukiisema kwa mdomo ni ndogo: fomu ya ukurasa mmoja, maswali machache, hakuna damu wala mashine, mtu anajijumlishia alama mwenyewe na zikifika kiwango fulani fomu inamwambia nenda kapime sukari. Sio kipimo cha kisukari, ni ya kupanga foleni tu, nani atangulie pale ambapo vipimo havitoshi kwa wote.

Natumia laptopu ya kawaida, R kwa takwimu na Python ya kusafishia data, zote za bure, na data zenyewe ni za wazi, kwa hiyo kinacholiwa hapa ni muda. Ntataja kila mahali ulipoliwa mwingi ili wewe unayenakili uukwepe. Mambo ya kawaida kama kufunga programu na kuchora grafu nayapita fasta.

18 Januari: sifuri ambazo sio sifuri

Kabla ya data kubwa nimeanza na ya kujifunzia, ile ya kisukari ya Wapima ambayo karibu kila anayejifunza modeli za kutabiri kashakutana nayo. Wanawake 768 wa miaka 21 kwenda juu, wa jamii ya Akimel O'odham (wanasayansi wamezoea kuwaita Pima) wa Gila River kule Arizona, ambako watafiti wa serikali ya Marekani wamekuwa wakiifuatilia jamii hiyo kuanzia 1965. Kolamu nane za vihatarishi: idadi ya mimba, glukosi saa mbili baada ya kunywa maji ya sukari, presha ya chini, unene wa mkunjo wa ngozi ya mkono, insulini, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu), alama ya kisukari kwenye ukoo, na umri. Kolamu ya tisa ndo jibu, alipata kisukari ndani ya miaka mitano au hakupata. Waliopata ni 268.

Faili halina hata nafasi moja iliyoachwa wazi, ukiiuliza kompyuta kama kuna data imekosekana inakujibu hakuna, kila kitu kimejaa. Alafu unapanga BMI kuanzia ndogo kwenda kubwa na wa kwanza kabisa ana BMI 0, yaani mtu asiye na uzito, na wenzake wa aina hiyo wapo, jumla 11. Glukosi sifuri wapo 5. Presha ya chini sifuri 35. Ngozi 227. Insulini 374, karibu nusu ya watu wote! Aliyeingiza data zamani hizo alikosa kipimo akaandika 0, na modeli ukiilisha hivyo hivyo inajifunza kwamba wapo watu wasio na insulini kabisa ambao wengi wao wako salama tu.

Suluhisho la haraka ambalo linashauriwa sana ni kubadilisha kila sifuri iwe "haipo". Usifanye hivyo kwa faili zima, maana kwenye kolamu ya mimba sifuri ni sifuri kweli, ni mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba. Nenda kolamu kwa kolamu, jiulize kama binadamu aliye hai anaweza kuwa na namba hiyo.

Nilijaribu kubakiza wale tu waliopimwa kila kitu. Wakabaki 392. Nusu ya watu wameondoka kwa sababu ya kolamu mbili ambazo fomu yangu haitakuwa nazo hata siku moja, maana hakuna mtu atajipima insulini nyumbani. Kwa hiyo insulini na ngozi nimezitoa kabisa, waliokosa kwenye kolamu zilizobaki ni wachache.

26 Januari: notibuku yenye matokeo matamu kupita kiasi

Huku mtandaoni kuna notibuku (kurasa za kodi pamoja na matokeo yake) nyingi za data hii hii zinazodai usahihi wa juu ajabu. Nikachukua njia ya moja yenye mashabiki wengi nikairudia mstari kwa mstari, lengo nione wanapata wapi wanachopata, maana mimi kwa regresheni ya kawaida (hesabu inayokipa kila kihatarishi uzito wake) nilikuwa mbali sana chini.

Iko hivi. Badala ya kutupa waliokosa insulini, wanawajazia mediani, ile namba ya katikati. Hadi hapo sawa. Ila mediani wanaihesabu mara mbili, ya waliopata kisukari peke yake na ya wasiopata peke yake. Asiyepata anajaziwa 102.5, aliyepata anajaziwa 169.5. Sasa fungua kolamu ya insulini baada ya kujazwa uitazame kwa macho: 169.5, 102.5, 102.5, 169.5, 102.5... Watu 374 wameandikiwa jibu la mtihani ndani ya swali. Modeli ya miti, ile inayokata data kwa maswali ya ndiyo na hapana, haihitaji akili yoyote, inauliza tu insulini ni 102.5 kamili? basi huyu mzima, inaendelea na mwingine. Kisha mchoro wa umuhimu unatoka unaonyesha insulini ndo kihatarishi namba moja na watu wanapiga makofi.

Kliniki mgonjwa anakuja bila jibu, ndo maana kaja! Huwezi kumjazia mediani ya kundi lake kwa sababu kundi lake ndo unalolitafuta.

Dawa yake: gawa data kwanza, ya kufundishia huku na ya kujaribia kule, mediani ihesabiwe kwenye ya kufundishia tu, bila kuangalia kolamu ya jibu, alafu namba ile ile itumike kujazia upande wa pili. Hivyo hivyo kwa wanaotengeneza wagonjwa wa bandia ili makundi yalingane, wakifanya kabla ya kugawa, nakala za mgonjwa mmoja zinaangukia pande zote mbili. Baada ya kurekebisha utamu wote uliisha, namba zikarudi ardhini. Hatua hii imekula jioni nyingi kuliko zote za mwezi huu.

4 Februari: usahihi

Fupi. Ukiandika skripti ya mstari mmoja inayosema "hakuna mwenye kisukari" kwa kila mtu, unapata usahihi wa asilimia 65, kwa sababu wasiopata ni 500 kati ya 768. Kwa hiyo neno usahihi nimelifuta kwenye ripoti zote. Natumia sensitiviti (kati ya wagonjwa, fomu inanasa wangapi) na spesifisiti (kati ya wazima, inawaachia wangapi waende zao).

Kipimo cha kujilinganisha nacho: kazi ya kwanza kuchapishwa kwa data hii, 1988, ilifundisha kwa watu 576 ikajaribu kwa 192, ikapata sensitiviti na spesifisiti za asilimia 76. Watu wananukuu 76 kama imeandikwa kwenye jiwe. Lakini kwenye watu 192 wagonjwa watakuwa kama 67 hivi, na kwa wagonjwa 67 asilimia 76 ina ukingo wa kama pointi 10 huku na 10 kule, yaani ukweli unaweza kuwa 66 au 86. Modeli mbili zinazopishana pointi mbili kwenye jaribio la ukubwa huu hazijapishana kitu.

13 Februari: kutoa glukosi, na mstari wa 11.1

Fomu haina damu, kwa hiyo glukosi lazima itoke. Nimeitoa na modeli ikaporomoka, ikabaki inaegemea umri na BMI. Nilitegemea, ila nimekaa na hili kwa muda kwa sababu lina kitu ndani.

Kisukari kwenye data hii kilitambuliwa kwa kigezo cha WHO cha wakati ule, glukosi ya saa mbili baada ya kunywa sukari kufika 11.1 mmol/L (200 kwa mg/dL). Na kihatarishi kinachokitabiri vizuri kuliko vyote ni... glukosi ya saa mbili, ya miaka kadhaa kabla. Tunatabiri namba kwa namba hiyo hiyo ikiwa bado ndogo. Sio kosa, glukosi inapanda taratibu na anayekaribia mstari ndo wa kwanza kuuvuka, lakini usiseme umegundua chanzo cha ugonjwa.

Alafu mstari wenyewe umetoka wapi? Kwenye jamii nyingi ukipima glukosi za watu wote unapata kilima kimoja kinachoteremka polepole, huoni wazima wanaishia wapi. Kwa Wapima vilionekana vilima viwili na bonde katikati, iliandikwa 1971, na bonde lile ni moja ya sababu vigezo vya mwishoni mwa miaka ya 1970 vikatulia kwenye 200. Yaani jamii hii haijatupa data ya mazoezi tu, imechangia hata kuamua sisi wengine tuitwe wagonjwa lini. Mstari wa glukosi ya kufunga (inayopimwa kabla ya kula) nao ulikuwa 7.8, Marekani wakaushusha mpaka 7.0 mwaka 1997 na WHO wakafuata 1999. Aliyelala na 7.3 akiwa mzima aliamka mgonjwa.

15 Februari: kolamu ya ukoo

Nyongeza ya juzi. Kolamu ya ukoo inavutia sana kuisoma kama damu, kwamba hawa wamezaliwa nacho. Kabla hujaandika hivyo kwenye ripoti yako soma habari za ndugu zao wa Mexico, Wapima wa milimani Sonora. Wote walipimwa, matokeo yakatoka 2006: kisukari asilimia 6.9 kwa wa Mexico, 38 kwa wa Arizona, baada ya kuweka sawa umri na jinsia. Asili yao inakaribiana, ila wa Mexico bado walikuwa wakilima kwa mikono na kutembea sana. Wa Arizona mto wao wa Gila ulichepushwa na walowezi wa juu ya mto karne ya 19 mwishoni, kilimo kikafa, wakaja kuishi kwa unga na mafuta ya mgao wa serikali. Hakuna kolamu ya mto kwenye faili. Kilichomo ni alama ya ukoo, na ukoo mmoja mara nyingi ni sufuria moja pia.

Swali la ndugu mwenye kisukari litabaki kwenye fomu kwa sababu linatabiri. Kwa nini linatabiri, fomu haitasema.

6 Machi: nimehamia NHANES

Mazoezi yameisha. Data ya kazi ni NHANES, utafiti wa afya na lishe wa Marekani, watu wanahojiwa, wanapimwa mwili na damu, na faili zinatolewa wazi kwa duru za miaka miwili miwili kuanzia 1999. Ina vyote ninavyohitaji: kiuno, presha, maswali ya ndugu, na HbA1c ya kuhakiki (kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi michache iliyopita). Kila mtu ana namba yake ya SEQN inayounganisha mafaili.

Mafaili ni ya XPT. Ukiyafungua kwa pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia data) kuna mdudu wa kuangalia: pale penye sifuri unaona 5.397605e-79. Sio sifuri na sio kitu, ila skripti inayotafuta "sawa na 0" inampita bila kumwona. Dawa ni kuzungusha namba baada tu ya kusoma, au soma kwa R kisha uhamishe.

Na sifuri yenyewe huku ina maana nyingine. Nikakuta presha ya chini 0 tena, nikataka kufuta kama kule kwa Wapima. Kumbe huku imeandikwa kwa makusudi: kwa baadhi ya watu sauti ya mshipa inaendelea kusikika kwenye stethoskopu mpaka mkanda unaishiwa hewa kabisa, msikilizaji anaandika 0. Mtu mzima wa afya yake, kasimama hapo. Faili moja sifuri ni "hatukupima", faili lingine ni "tumepima tukasikia mpaka mwisho". Kwa presha ya kuchora grafu nimeziweka kando, ila kwa fomu haina shida kwa sababu swali langu ni kama umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kuwa una presha.

Vingine vya haraka: kwenye maswali 7 ni "kakataa kujibu" na 9 ni "hajui", zisiingie kwenye hesabu kama namba. Umri unaishia 80, mwenye 93 naye kaandikwa 80.

14 Machi: mafaili yenye P_ mbele

Hili litakumaliza usipolijua. Mpango ulikuwa kufundisha kwa duru za 2011 mpaka 2016 na kujaribu kwa zinazofuata. Kwa zinazofuata kuna mafaili ya 2017–2018 yenye _J mwishoni, na kuna mengine yenye P_ mwanzoni, ya 2017 mpaka Machi 2020, pale korona ilipokatisha kazi. Ukiona watu wengi kwenye P_ unatamani, na wazo la kufundishia _J kisha kujaribia P_ linakuja lenyewe.

Watu wa _J wako NDANI ya P_. Na huwezi kuwakamata kwa SEQN kwa sababu wamepewa namba mpya, _J inaanza 93703, P_ inaanza 109263, ukiunganisha faili mbili kutafuta waliojirudia unapata sifuri na unalala usingizi. Niligundua kwa kusoma maelezo ya duru, sio kwa skripti, skripti isingeona kitu. Kwa hiyo chagua moja. Mimi _J ndo ya kujaribia, P_ haigusi folda yangu.

29 Machi: mgonjwa ni nani hasa

Hii ndo hatua iliyokula muda kuliko zote na haikuwa na skripti hata moja, ni kukaa na kalamu.

Swali la NHANES linaitwa DIQ010: ukiacha wakati wa ujauzito, daktari au mhudumu wa afya amewahi kukwambia una kisukari? 1 ndiyo, 2 hapana, 3 niko mpakani. Jaribio la kwanza lilichukua 1 kuwa wagonjwa. Modeli ikatoka safi, vihatarishi vimejipanga. Nikamtumia rafiki yangu daktari wa wagonjwa wa nje akajibu sentensi moja, "Mdogo wangu, hapa umetabiri nani amewahi kuonana na daktari."

Na kweli. Waliojibu 1 ni waliokwisha kujulikana. Fomu yangu haiwahusu, wao wana kadi tayari, na wengine wamepungua uzito baada ya kuambiwa, kwa hiyo uhusiano wa BMI na ugonjwa unakuja umepinda. Ninaowatafuta ni waliojibu hapana huku damu inasema ndiyo. Nikaanza upya: waliojibu 1 wametoka kabisa, wajawazito wametoka, waliojibu 2 wamebaki na mgonjwa ni mwenye HbA1c ya 6.5% kwenda juu. Wa 3 wamenisumbua, mtu wa mpakani kashapimwa huyo, lakini kapimwa na hajui kama amevuka. Nimewabakiza, ila skripti ina swichi ya kuwatoa kwa anayetaka.

Idadi ya wagonjwa ikashuka mno na modeli iliyokuwa safi ikachafuka. Ndo bei yake.

Hapo nikarudi kwenye fomu mama ya kazi hizi zote, FINDRISC ya Finland, ile ya alama 26: umri, BMI, kiuno, mazoezi, mboga na matunda, dawa za presha, kuwahi kuambiwa sukari ilipanda, na ndugu. Wao mgonjwa alikuwa nani? Aliyeanza dawa za kisukari ndani ya miaka kumi. Wapima, mgonjwa ni aliyevuka 11.1 baada ya kunywa sukari. Mimi, aliyevuka HbA1c leo hii bila kujua. Vitu vitatu tofauti vyote vinaitwa kisukari, alafu watu wanapanga sensitiviti za fomu hizi kwenye jedwali moja kuzilinganisha kama timu za ligi. Kuanzia sasa kila namba yangu ninayoweka inabeba maelezo yake: watu gani, mgonjwa ni nani, leo au miaka ijayo.

12 Aprili: HbA1c nayo

HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye himoglobini, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120, ndo maana inakupa picha ya miezi miwili mitatu. Sasa chembe ikifa mapema haijapata muda wa kukusanya sukari, kipimo kinasoma chini. Seli mundu, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu), aliyetoka kuongezewa damu, wote hao kipimo kinaweza kuwadanganya. Upungufu wa madini chuma unavuta upande mwingine, kinasoma juu. Yaani mahali penye matatizo mengi ya damu, lebo yangu ya "mgonjwa" yenyewe ina kutu.

Nilichojaribu: lebo ya pili, HbA1c 6.5% au glukosi ya kufunga 126 mg/dL, chochote kitakachovuka. Glukosi ya kufunga iko kwa waliopangiwa asubuhi tu, kama nusu, na wana mizani yao, yaani namba inayosema kila mtu anawakilisha watu wangapi nchini (WTSAF2YR badala ya WTMEC2YR), ukisahau kubadilisha mizani unahesabu nchi ambayo haipo. Orodha ya wagonjwa ilibadilika, kuna walionaswa na HbA1c peke yake na walionaswa na glukosi peke yake, sio watu wale wale. Maswali yaliyobaki kwenye fomu ni yale yale kwa lebo zote mbili, uzito wake ndo umecheza kidogo. Nimeweka zote mbili kwenye folda.

Kuhusu mizani kwa ujumla: NHANES wanachukua makusudi watu wengi zaidi wa makundi fulani, wazee kwa mfano, ili wawapate wa kutosha. Bila mizani kiwango cha ugonjwa kinatoka cha uongo. Ukiunganisha duru tatu gawa mizani kwa tatu.

3 Mei: alama na futi

Kugeuza regresheni kuwa alama za karatasi ni rahisi, njia ni ile iliyotumika kwa alama za moyo za Framingham (utafiti wa moyo wa Marekani): unachukua uzito wa miaka mitano ya umri kuwa alama moja, vingine vyote unavigawanya kwa huo na kuzungusha. Kuzungusha kunapoteza kidogo tu, sikuhangaika nako.

Futi ya kupimia kiuno ndo imenihangaisha. Niliwapa watu wa karibu fomu ya kwanza wajaze bila maelezo yangu, nione wanakwama wapi. Kiuno kila mtu alipima pake, mwingine kwenye mkanda wa suruali, mwingine kitovuni, mwingine juu ya shati. Nikaenda kusoma miongozo nayo haikubaliani! WHO wanapima katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga. NHANES wanapima juu tu ya mfupa wa nyonga wenyewe. Nikampima mama mmoja kwa njia zote mbili, kasimama palepale, kavuka mstari wa sentimita 88 kwa njia moja na hajauvuka kwa nyingine. Kwenye alama hiyo inatosha kumtoa kwenye "kapime" na kumrudisha nyumbani.

Modeli yangu imefundishwa kwa futi ya NHANES, kwa hiyo fomu inaelekeza hivyo hivyo: papasa mfupa wa nyonga ubavuni, futi ikae juu yake moja kwa moja, nguo imepandishwa, soma ukimaliza kutoa pumzi. Nimechora kipicha. Ukinakili fomu ukaacha kipicha umenakili nusu.

24 Mei: mstari wa kukata, na folda

Kabla ya kuchagua alama ngapi ndo "kapime", daktari wangu alitaka kujua kitu kimoja tu: katika niliowatuma, wangapi watakutwa nacho? Namba zangu za _J naziweka zikishahakikiwa na mtu mwingine, kwa hiyo hesabu nimeifanya kwa ile 76 na 76 ya 1988 ili kila mtu airudie kwa kikokotoo.

Chukua watu 1,000 kama wa data ya Wapima, ugonjwa asilimia 35. Wagonjwa 350, unanasa 266. Wazima 650, unawasumbua bure 156. Katika kila kumi uliowatuma, sita wanacho. Safi. Sasa peleka fomu ile ile, haijabadilishwa herufi, kwenye watu 1,000 ambao wasiojijua ni asilimia 5. Wagonjwa 50, unanasa 38. Wazima 950, unawasumbua 228. Umetuma watu 266 maabara na 228 wamerudi wazima, mmoja tu kwa kila saba ndo anacho. Upande wa pili, katika 734 ulioambia wasubiri, 12 wanacho na wamekwenda nyumbani wakijiona salama.

Akasema kwa maabara yake 228 wanavumilika, wale 12 ndo wanamtisha, kwa hiyo ataweka mstari chini zaidi. Mwenzake mwenye vitendanishi vya kuhesabu atauweka juu. Nimeacha kuchagua alama moja. Fomu inakuja na jedwali: unaingiza kiwango cha ugonjwa unachokadiria kwa watu wako na idadi ya vipimo ulivyonavyo, linakuonyesha kila mstari unatuma wangapi na unaacha wangapi.

Kwenye folda kuna: skripti ya kusafisha, lebo zote mbili, fomu, kipicha cha futi, jedwali. Kwenye _J alama za juu kabisa zinatisha watu kuliko hali halisi, nazipunguza makali, ndo kipande kijacho. Skripti ya kusafisha inasimama yenyewe ikikuta faili lolote linaloanza na P_, ukiona ujumbe huo usiizime, toa faili.